Mbio za farasi: Si mwenye kasi zaidi anayeshinda

Na Mwandishi Wetu, Texas

WASWAHILI wengi wanaoishi Dallas na Fort Worth wanaufahamu uwanja wa Lone Star Park kwa kuupita tu barabarani. Uko Grand Prairie, katikati ya miji hiyo miwili, na ulifunguliwa mwaka 1997. Wenzetu wa Houston nao wana Sam Houston Race Park, uliotangulia kwa miaka mitatu. Viwanja vyote viwili ni matunda ya kura ya maoni ya mwaka 1987, ambapo wananchi wa Texas waliruhusu tena kamari ya farasi iliyokuwa imepigwa marufuku tangu mwaka 1937.

Anayeingia humo kwa mara ya kwanza huuliza swali moja: farasi gani ana mbio kuliko wote? Swali hilo si baya, lakini ndilo linalowamalizia watu mishahara. Swali la mtu anayejua mambo ni jingine: nani atakwenda mbele, na nani atamsumbua huko mbele?

Tuanze na mwili wa mnyama mwenyewe. Farasi wa mashindano ana uzito wa kilo 450 hadi 500 na anaweza kukimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Lakini mwendo huo hawezi kuushika kwa mita 2,000. Nguvu zake ni kama dumu la maji la msafiri: akinywa yote asubuhi, jioni atalala na kiu. Kazi ya mpanda farasi, yaani joki, ni kugawa maji hayo. Joki mzuri huhesabu sekunde kichwani bila saa, na anajua kama robo maili ya kwanza imekwenda kwa sekunde 23 au 24. Sekunde hiyo moja ndiyo hulipwa mwishoni.

Mfano mzuri ulitokea hapa hapa Grand Prairie. Oktoba 30, 2004, Lone Star Park iliandaa mashindano ya Breeders' Cup, na mbio kubwa ya siku hiyo, Classic, ilikuwa ya maili moja na robo, kama mita 2,000. Farasi walikuwa 13. Ghostzapper, wa mkufunzi Bobby Frankel, hakuwa amewahi kukimbia umbali huo, na wapo waliodhani pumzi itamwishia. Joki wake, Javier Castellano, alimpeleka mbele tangu mwanzo.

Nyuma yake alikuwepo Roses in May, akiongozwa na John Velazquez, ambaye hakuwa amepoteza hata mbio moja mwaka huo. Huyo peke yake ndiye aliyemfuata kwa karibu. Hapakuwa na wa tatu wala wa nne wa kumng'ang'ania Ghostzapper kwa zamu. Castellano alimwachia farasi wake aende mwendo wake mwenyewe, akabakiza akiba, na walipotoka kona ya mwisho akaitumia. Alishinda kwa urefu wa farasi watatu, kwa dakika 1 na sekunde 59.02, rekodi ya mbio hiyo wakati huo.

Sasa mtazame aliyeshika nafasi ya tatu. Pleasantly Perfect alikuwa bingwa wa Classic ya mwaka 2003 huko Santa Anita, California, na wasomaji wetu wa Ghuba watakumbuka kwamba Machi 2004 alishinda pia Dubai World Cup pale Nad Al Sheba. Yeye ni farasi wa kutokea nyuma. Mwaka 2003 Medaglia d'Oro na Congaree walivutana mbele hadi wakachoka, naye akawapita. Mwaka uliofuata alisubiri tena wachoke, lakini safari hii wa mbele hawakuchoka. Mbio za wa nyuma huamuliwa na makosa ya wa mbele, na makosa yasipotokea, subira haimsaidii.

Miezi mitano kabla ya siku hiyo ya Grand Prairie, Marekani nzima ilikuwa imeshuhudia kinyume chake. Juni 5, 2004, watu zaidi ya 120,000 walijaa Belmont Park, New York, kumwona Smarty Jones akimalizia taji la mbio tatu kubwa ambalo hakuna farasi aliyelitwaa tangu Affirmed mwaka 1978. Alikuwa amekimbia mara nane na kushinda zote nane. Mbio hiyo ni ya maili moja na nusu, umbali ambao farasi wengi wa Marekani hukutana nao mara moja tu maishani.

Majoki wengine hawakukubali kumwachia mbele kirahisi. Jerry Bailey juu ya Eddington na Alex Solis juu ya Rock Hard Ten walimbana mapema. Smarty Jones akapandwa na hamu ya kukimbia, akawa anaivuta hatamu, na joki wake, Stewart Elliott, akashindwa kumtuliza. Akaongeza kasi wakati bado safari ni ndefu. Waliombana walilipa gharama yao, hawakushinda. Aliyefaidika ni Edgar Prado, aliyekuwa ametulia nyuma na Birdstone, farasi ambaye waliomwekea dola 1 walipata faida ya dola 36. Alimpita Smarty Jones karibu kabisa na mwisho na kumwacha kwa urefu wa farasi mmoja.

Je, Smarty Jones hakuwa bora kuliko Birdstone? Wengi watasema alikuwa bora. Lakini siku ile nguvu zake zilitumika mahali pasipofaa.

Anayedhani hayo ni mambo ya zamani aitazame Kentucky Derby ya mwaka 2022. Summer Is Tomorrow, farasi aliyetoka Dubai, alitimka na robo maili ya kwanza ikakatwa kwa sekunde 21.78, kasi ambayo haijawahi kuonekana mwanzoni mwa Derby. Alimaliza wa 20 kati ya 20. Epicenter, wa mkufunzi Steve Asmussen aliyekulia Laredo hapa Texas na anayejulikana sana Lone Star na Sam Houston, ndiye aliyependwa kuliko wote, na alionekana ameshinda. Ndipo Sonny Leon akamleta Rich Strike kupitia ndani, kutoka karibu na mkiani. Farasi huyo aliingizwa mashindanoni siku moja tu kabla, na aliwahi kununuliwa kwa dola 30,000. Walioweka dola 1 kwake walipata faida ya dola 80.

Leon hakupita ndani kwa kubahatisha. Uwanja ni duara, na hesabu yake ni ya shule ya msingi: kila mita 1 anayokaa nje kwenye kona zote mbili, farasi hukimbia kama mita 6 zaidi, sawa na zaidi ya urefu wa farasi wawili. Lakini ndani nako kuna hatari yake. Unaweza kufungiwa nyuma ya waliochoka, na kwenye njia ya mchanga kama hizi za Marekani, wa mbele wanamrushia wa nyuma mchanga usoni hadi wengine wanakataa kukimbia. Ndiyo maana kuongoza kuna thamani hapa kuliko kwenye majani kama ya Ngong, Nairobi.

Kwa wale ambao wataendelea kwenda, na tunajua mpo, jueni kwamba hapa hamshindani na mwenye uwanja. Fedha zote huwekwa chungu kimoja, uwanja na serikali hukata chao kwanza, kinachobaki hugawanywa kwa waliopatia. Kwa hiyo kumfuata farasi anayefuatwa na kila mtu kunalipa kidogo hata akishinda, na waliopoteza ni wengi kuliko waliopata. Kodi ya nyumba na fedha ya kutuma kwa mama haziwekwi juu ya mgongo wa farasi.

Anayetaka kuburudika na kuelewa, anunue kijitabu cha programu na asome kila farasi alikuwa wa ngapi mwanzoni mwa mbio zake zilizopita. Akiwakuta watatu au wanne wanaopenda kuongoza, atazamie wachoshane, na amtafute mwenye subira. Akimkuta mmoja tu, asimdharau hata kama saa zake si za kutisha, kwa sababu hakuna wa kumsumbua. Kisha, geti likifunguka, asimkodolee macho farasi wake. Atazame mikono ya joki anayeongoza. Ikiwa imetulia, wa nyuma wana kazi kubwa. Ikiwa inavutana na hatamu, mbio bado haijapata mwenyewe.