Silika ya Mtama: Tabia au Madini?

Neno silika lina asili ya Kiarabu, na maana yake katika Kiswahili ni tabia ambayo kiumbe huzaliwa nayo. Hata hivyo, baadhi ya maandishi ya sayansi hulitumia pia kuwa jina la madini, kwa kutohoa neno litokanalo na Kilatini silex, yaani jiwe la gumegume. Makala haya yanakusudia kuonyesha utata uletwao na matumizi hayo mawili katika elimu ya mimea.

Tuchukue mfano wa mtama, zao linalolimwa Bariadi na kwingineko katika Mkoa wa Simiyu, ambako ukame si jambo geni. Mtama ni wa jamii ya nyasi, na nyasi hukusanya silikoni kwa wingi kuliko mimea mingi. Silikoni ni elementi ya pili kwa wingi katika gamba la dunia, ikitanguliwa na oksijeni. Sehemu yake ndogo huyeyuka katika maji ya udongo ikiwa katika hali ya asidi hafifu, na mzizi huifyonza. Sehemu kubwa ya ile iliyofyonzwa hupanda hadi majanini. Nyingine hubaki mzizini na kuganda kuwa chembe ngumu mfano wa kioo. Chembe hizo hujipanga kwenye kuta za ndani za endodemisi, yaani tabaka la seli lizungukalo mirija ya maji. Wataalamu huzihusisha na uimara wa mzizi katika udongo mkavu.

Sasa, mwalimu wa kilimo akisema, "Silika ya mtama huusaidia kustahimili ukame," mkulima ataelewa kuwa ni tabia ya kuzaliwa, wala hatakuwa amekosea lugha. Bali atakuwa amekosa somo lenyewe: kwamba madini hayo hutoka udongoni, na kwamba mabua yakiondolewa shambani kila mwaka, sehemu yake huondoka nayo.

Kwa hiyo twapendekeza elementi yenyewe iitwe silikoni; muungano wake na oksijeni uitwe oksidi ya silikoni; na chembe zilizoganda ndani ya mmea ziitwe vijiwe vya mmea. Neno silika libakie na maana yake ya asili. Wasomaji, hasa walimu na mabwana shamba, wanaombwa kuyapima mapendekezo haya na kutoa maoni yao.