Programu huru, chombo cha kufungwa: inawezekana?

Wandugu, swali hili linarudi kila mara kati yetu. Kama tunataka kutengeneza programu huru, ile kila mtu anaweza kusoma kode yake, kuibadilisha na kuigawa, je, tunaweza kuiandikia kwa Windows ao kwa chombo kingine cha kampuni?

Jibu fupi: ndiyo. Leseni inahusu kode uliyoandika, haihusu ordinatere uliyoandikia. Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 nyuma ya fujo za uchaguzi, kode yake iliwekwa wazi. Lakini ripoti za watu zilionyeshwa juu ya ramani za Google. Mwaka ule ule ilitumiwa hata kwa vita vya mashariki ya Kongo yetu.

Sasa hatari iko wapi? Kuanzia 2002, Linus Torvalds alipanga kode ya Linux kwa BitKeeper, programu ya kufungwa waliyopewa bure, kwa masharti. Mwaka 2005, Andrew Tridgell akaanza kuandika programu yake ya kusoma data za BitKeeper. Kampuni ikaondoa ile ruhusa ya bure. Kode ya Linux haikupotea, lakini chombo cha kazi kilikwisha. Torvalds akaandika Git mwezi wa 4, na mwezi wa 6 Linux 2.6.12 ikatoka kwa njia ya Git. Yeye aliweza. Sisi wanafunzi watatu na ordinatere moja, tungeweza?

Watu wa agronomia tunajua: kwa shamba la kuazima unapanda muhindi, hupandi mchikichi. Muhindi utavuna mbele mwenye shamba hajarudi.

Basi, mambo matatu:

1. Andika kwa chombo uko nacho, lakini chunga data kwa faili za wazi, kama CSV.

2. GitHub ni ya Microsoft tangu 2018. Git inakuachia kopi nzima ya kode na historia yake kwa mashini yako. Mazungumzo ya mradi yanabaki kule. Yachunge pia.

3. Usimfunge mtumiaji. Programu ndogo ya ramani inayotembea ndani ya ArcGIS tu inaomba mkulima alipe kwanza. Ndani ya QGIS, halipi kitu.

Mbele ya kuanza, jiulize: kama kesho akaunti inafungwa, nabaki na nini mukononi?