Spika Mbovu Iliyotengeneza Wimbo

Usikilizapo wimbo "Rocket 88", acha kidogo kumfuata mwimbaji. Chini yake kuna gitaa linalorudiarudia mkong'osio uleule wa besi, nalo linakoroma. Fundi redio yeyote angesikia akasema spika imepasuka, na hangekosea.

Machi 1951 Ike Turner, kijana wa miaka 19, alitoka Clarksdale, Mississippi, na bendi yake ya Kings of Rhythm kwenda Memphis kuurekodi wimbo huo katika studio ya Sam Phillips. Safarini amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart ikaharibika. Yupo asemaye ilianguka kutoka juu ya gari, yupo asemaye ililowa mvua. Phillips akasokomeza karatasi ndani ya spika, kazi ikaendelea.

Ndani ya spika mna karatasi ngumu yenye umbo la pia, inayokwenda mbele na nyuma kwa kufuata umeme unaotoka kwenye gitaa. Ikiwa nzima, noti hutoka safi. Ikichanika, au ikigusana na karatasi nyingine, haiwezi tena kuufuata umeme huo sawasawa: mitikisiko hupindwa na kukatwa, na hapo huzaliwa sauti za juu zaidi ambazo mpigaji hakuzipiga. Sikio huzichanganya zote na noti ya asili, likasikia kitu kinene, chenye mikwaruzo, karibu na saksafoni. Ndiyo maana besi ya Kizart haikumezwa na piano ya Turner wala na saksafoni zenyewe.

Ajali ingeweza kumpata yeyote. Ustadi, kwa maoni yangu, ni wa Phillips, ambaye hakulificha lile gitaa bali aliliacha lisikike waziwazi.

Wengi huuita huu wimbo wa kwanza wa rokenroli. Ubishi juu ya hilo hauishi, na "Cadillac Boogie" wa Jimmy Liggins, uliouzaa kwa kiasi kikubwa, ulikwisha kurekodiwa mwaka 1947. Tofauti ni kwamba katika "Rocket 88" gari linalosifiwa si Cadillac bali ni Oldsmobile.

Kampuni ya Chess ya Chicago iliutoa "Rocket 88", na Juni ukaongoza chati ya rhythm and blues. Lebo ya sahani ilimtaja Jackie Brenston, mpiga saksafoni aliyeimba, pamoja na "Delta Cats", jina ambalo bendi haikuwa ikilitumia. Turner alichukia. Brenston naye akamuuzia Phillips haki za wimbo kwa dola 910. Kizart hakutajwa kwenye lebo.