Dhima ya Ramani za Data katika Lugha ya Asembla

Mwanafunzi wa mofolojia anajua kwamba kitenzi cha Kiswahili kina nafasi maalumu: nafsi hutangulia, njeo hufuata, kisha mzizi na kiishio. Kiunzi hicho chenyewe si neno. Ni ramani tu, na ramani hiyo moja huyafafanua ‘anasoma’, ‘walicheza’ na ‘tutaimba’. Dhana inayokaribiana na hiyo imo katika lugha ya asembla ya kompyuta kuu za IBM, ambazo ukoo wake ulianza na System/360, iliyotangazwa mwaka wa 1964.

Katika lugha hiyo, ramani ya data huitwa DSECT. Chukulia rekodi ya mtahiniwa yenye jina la baiti 20, nambari ya usajili ya baiti 8 na alama za baiti 2. DSECT huziorodhesha sehemu hizo kwa majina, nayo asembla hukokotoa umbali wake kutoka mwanzo wa rekodi: jina 0, nambari 20, alama 28. DSECT haitengi hata baiti moja ya kumbukumbu. Hutandazwa juu ya rekodi halisi kwa agizo la USING, linaloitajia asembla rejista itakayobeba anwani ya mwanzo wa rekodi. Rejista ikipewa anwani ya rekodi nyingine, majina yale yale husoma data ya mtahiniwa mwingine.

Mwanaprogramu asiyetumia ramani huandika 28 kila mahali. Nambari ya simu ya baiti 10 ikiingizwa kabla ya alama, alama huhamia 38, na kila 28 iliyosahauliwa husoma simu badala ya alama. Mwenye DSECT hurekebisha mahali pamoja tu. Kwa hiyo ramani huhifadhiwa katika maktaba na kuingizwa katika kila programu kwa agizo la COPY. Hata hivyo, programu isiyopitishwa upya kwenye asembla hubaki na ramani ya kale.

Hatari kubwa zaidi imo katika USING. Agizo hilo ni ahadi, si tendo: haliweki anwani ndani ya rejista. Mwanaprogramu akisahau kuiweka, huenda asembla isione kosa lolote, lakini programu ikasoma pasipo na rekodi, na mtahiniwa akapewa alama zisizo zake. Ahadi hiyo nayo hukatizwa kwa agizo la DROP, ili rejista iliyokwisha kupewa kazi nyingine isidhaniwe kuwa bado inaielekea rekodi.

Kama ilivyo katika lugha ya binadamu, usahihi wa sarufi hauthibitishi ukweli wa sentensi.