Ritifaa na Kitufe Bubu: Uandishi wa Fonimu /ŋ/ katika Mifumo Endeshi Huria

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua tatizo linaloweza kumkabili mtafiti wa lugha mkoani Morogoro atumiaye kompyuta yenye mfumo endeshi huria, kama vile Debian au Ubuntu. Tatizo lenyewe ni la kitufe kimoja tu, yaani ritifaa. Hoja kuu ni kwamba kosa litokanalo na kibodi hurekebishika, ilhali njia ya mkato ya kulikwepa hufuta tofauti ya kifonolojia isiyoweza kurejeshwa kwa urahisi.

2.0 Chanzo cha Tatizo

Katika tahajia ya Kiswahili, fonimu /ŋ/ huandikwa ng', na mfuatano /ŋg/ huandikwa ng. Tofauti hii hubeba maana: ng'oa ni kutoa kwa nguvu kitu kilichoshikilia, na ngoa ni wivu au tamaa.

Katika mfumo wa XKB, mpangilio wa vitufe uitwao us hutoa ritifaa mara kitufe chake kibonyezwapo. Lakini katika aina yake iitwayo intl, kitufe hicho ni bubu: hakitoi alama mpaka kifuatwe na kingine, kisha huungana na irabu kuwa herufi moja. Hivyo ng'ombe huwa ngómbe, na Mang'ula, mahali palipo chini ya milima ya Udzungwa, huwa Mangúla. Kwa kuwa ng' katika Kiswahili kwa kawaida hufuatwa na irabu, kosa hili si la nadra bali hujirudia kila mara.

Ulinganisho na Kijapani unasaidia. Mwandishi wa Kijapani hahitaji mpangilio wa vitufe pekee. Huhitaji pia programu kama Mozc, inayogeuza herufi za Kirumi kuwa hiragana na kanji. Kiswahili hakihitaji programu ya namna hiyo. Kinahitaji mpangilio ufaao tu.

3.0 Athari kwa Data

Tuchukulie mtafiti anayekusanya msamiati wa Kiluguru katika milima ya Uluguru kwa kufuata tahajia ya Kiswahili. Akiandika ngó badala ya ng'o, data yake itasahihishwa kwa amri moja ya kutafuta na kubadilisha, kwa kuwa ó haitumiki kwingineko katika tahajia hiyo. Lakini akichoshwa na kitufe na kuiacha ritifaa, /ŋ/ na /ŋg/ zitakuwa kitu kimoja. Hakuna amri itakayozitenganisha. Itambidi arudi kwa wasemaji.

4.0 Utatuzi

Dawa ni kuchagua aina iitwayo altgr-intl, ambamo ritifaa hutokea papo hapo na alama za mkazo hupatikana kwa kushikilia kitufe cha AltGr. Katika X amri yake ni setxkbmap us -variant altgr-intl; katika Wayland uchaguzi hufanywa kwenye mipangilio ya kibodi.

Aidha, ritifaa ina misimbo zaidi ya mmoja katika Unicode. Iliyonyooka ni U+0027, iliyopinda ni U+2019, na U+02BC huhesabiwa kuwa herufi. Mradi mmoja utumie msimbo mmoja, la sivyo neno lile lile litaorodheshwa mara mbili.

5.0 Hitimisho

Ni dhahiri kwamba uchaguzi wa kibodi ni sehemu ya mbinu za utafiti. Inafaa ufanywe na kujaribiwa kabla ya safari ya uwandani, kwa kuchapa neno moja tu: ng'ombe.