Ukuta Unaoliwa na Chuma: Utangulizi wa Taaluma ya Kulinda Matanuri

Anayeingia katika taaluma hii kwa mara ya kwanza hudhani kwamba adui wa tanuri ni moto. Dhana hiyo ina mantiki, kwani chuma cha kusubu, kile cha bloku za injini na vifuniko vya mashimo ya majitaka, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 1150 hivi za Selsiasi, na kiwandani hupandishwa hadi karibu na 1450 au zaidi ili kijaze kalibu kabla hakijaganda. Lakini silika, madini yanayojengea ukuta wa ndani wa matanuri mengi ya chuma hiki, haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1700. Kama moto peke yake ndio ungekuwa tatizo, ukuta ungedumu miaka. Mbona basi huliwa ndani ya wiki chache tu za kazi? Swali hilo ndilo mlango wa taaluma hii, na ninamkaribisha kwa moyo wote yeyote aliye tayari kulifuatilia, awe mwanafunzi wa uhandisi au fundi anayeshinda mbele ya tanuri.

Tuanze na ukuta wenyewe. Katika tanuri la umeme la indaksheni, mchanga mkavu wa kwatzi, yaani silika, uliochanganywa na asidi kidogo ya boriki hushindiliwa kati ya koili ya shaba na pipa la chuma linaloupa umbo. Kisha joto hupandishwa polepole. Uangalifu mkubwa huhitajika karibu na nyuzi 573, kwa kuwa hapo chembe za kwatzi hubadili muundo wake na kutanuka ghafla. Anayeharakisha hupata nyufa kabla hata hajayeyusha kilo moja. Baadaye oksaidi ya boroni iliyotokana na asidi hiyo, ikiwa imeyeyuka, huzigandisha chembe, na uso wa ndani hukomaa.

Chukua kipande cha ukuta uliobomolewa baada ya kazi, ukitazame upande uliovunjika. Upande uliogusa chuma ni mgumu, unang'aa, na ukiugonga unalia kama kigae. Katikati umeshikamana, lakini unamomonyoka kwa ukucha. Upande wa nyuma, karibu na koili, bado ni mchanga mtupu unaopita kati ya vidole. Mgeni huuona mchanga huo kuwa dalili ya kazi mbovu, kumbe ndio kinga ya mwisho: ufa unaoanzia ndani hufia hapo, kwa sababu mchanga usioshikamana haupasuki. Ukuta ukishaiva wote mpaka nyuma, chuma kina njia ya kuifikia koili, na ndani ya koili hupita maji ya kupoozea. Maji yakikutana na chuma kilichoyeyuka, hutokea mlipuko unaoweza kuua.

Sasa turudi kwenye swali letu. Ukuta huliwa kwa njia kuu mbili za kikemia, na zote mbili anazitawala mwanadamu. Ya kwanza hutokana na kutu. Chakavu chenye kutu huingiza oksaidi ya chuma ndani ya tanuri, nayo ikikutana na silika hutengeneza mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi 1205 hivi, yaani chini kabisa ya joto la kazi. Kwa hiyo uso wa ukuta hugeuka mavi ya chuma na kuelea juu. Ya pili hutokana na kaboni iliyomo ndani ya chuma. Joto likipita kiwango fulani, kati ya nyuzi 1400 na 1450 kutegemea kiasi cha kaboni na silikoni, kaboni hunyang'anya silika oksijeni yake: gesi ya kaboni monoksaidi hutoka, silikoni huingia kwenye chuma, na ukuta hupungua. Ndiyo maana chuma kilichoachwa kikisubiri huku kimepashwa kupita kiasi hupoteza kaboni na kuongezeka silikoni. Silikoni ya ziada inayoonekana kwenye vipimo vya maabara hapo ni ukuta ulioingia ndani ya chuma.

Yuko pia adui wa tatu, aliye kimya zaidi. Chakavu cha mabati kina zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907. Mvuke wake hupenya ukuta na kuganda upande wa nyuma ulio baridi, jirani na koili.

Kutokana na haya, kanuni za ulinzi zinajieleza. Chambua chakavu na ukikaushe. Usikitupe kutoka juu kikagonga ukuta. Pandisha joto la mwisho pale tu kalibu zikiwa tayari, na usikiache chuma kikikaa katika joto hilo. Ondoa mavi ya chuma mapema. Tanuri lililopoa lipashwe taratibu, ili nyufa zifunge kabla chuma hakijawa maji. Na kila anayeshindilia au kubomoa ukuta avae barakoa inayofaa, kwa maana vumbi la kwatzi huharibu mapafu bila tiba.

Hakuna mchanga wa bei ghali utakaofidia uzembe katika mambo hayo. Umri wa ukuta huamuliwa na uangalifu wa zamu kuliko na jina lililoandikwa kwenye mfuko. Kwa hiyo namsihi msomaji aanze kujifunza kwa daftari: aandike joto la kila myeyusho, aina ya chakavu, muda wa kusubiri, na unene wa ukuta tanuri linapokuwa tupu, hasa kwenye kona ya chini ambako ulaji huwa mkali. Aangalie pia umeme, kwani ukuta unapokonda chuma hukaribia koili na tanuri huvuta nguvu zaidi na kuyeyusha haraka zaidi. Wapo wanaofurahia kasi hiyo mpya. Mwanataaluma huisoma kama onyo, na hupanga siku ya kujenga upya kabla ukuta haujampangia.