Mpiga Muziki Bora Hupimwa kwa Nini?

Jumamosi alasiri, soko linapokwisha na magunia yakiwa yamepakiwa, si ajabu kuwakuta watu katika mkahawa wa chai wakibishana juu ya waimbaji. Mmoja husema kwamba hajatokea wa kumshinda Fadhili William. Wa pili, ambaye baba yake alikuwa na gramafoni, husema kwamba wapigaji gitaa wa kweli walitoka Kongo. Mzee mwenye asili ya pwani hutikisa kichwa, akasema kwamba wote hao ni watoto. Mwimbaji alikuwa Siti binti Saad, na baada yake hakuna. Chai hupoa, sauti hupanda, na mwishowe kila mtu hurudi kwake na mwimbaji yule yule aliyekuja naye.

Mabishano ya namna hii hayana ubaya, maana watu wasiojali kitu hawakibishanii. Lakini mara nyingi hayafiki mwisho, kwa sababu wenye kubishana hawakukubaliana kwanza juu ya kipimo. Mkulima hawezi kuuziana mahindi na mwenziwe ikiwa mmoja anahesabu kwa debe na mwingine kwa ratili. Watagombana mpaka jua litue, na huenda mahindi ni yale yale. Basi kabla ya kutaja jina la mwimbaji yeyote, yafaa kutafuta kipimo.

MAPENZI NI JAMBO MOJA, UBORA NI JAMBO LINGINE

Jambo la kwanza ni kutenga mapenzi na ubora. Wimbo uliopigwa siku ya harusi ya mtu huwa mtamu kwake maisha yake yote, hata kama mpigaji alikuwa amelewa na nyuzi za gitaa lake zilikuwa zimelegea. Wimbo wa lugha ya mama humgusa mtu aliye mbali na kwao kuliko wimbo wa lugha ngeni ulio bora zaidi. Hayo ni mapenzi, na mtu hatakiwi kuyatolea sababu, kama vile asivyotakiwa kueleza kwa nini apenda ugali wa mtama kuliko wa mahindi. Lakini mtu asemapo kwamba fulani ni mkubwa kuwapita wengine, hapo ametoka katika nyumba ya moyo wake na kuingia barazani, na barazani watu hudai ushahidi.

Jambo la pili ni kutodanganywa na uvumi. Wazee walisema kwamba ngoma ivumayo haidumu. Kila mwaka huwa na mwimbaji wake ambaye redio humrudia asubuhi na jioni, vijana wakavaa kama yeye na kutembea kama yeye. Mwaka wa tatu mtu akiuliza habari zake, hujibiwa, "Yule alikuwa nani?" Wingi wa wasikilizaji si kitu cha kudharauliwa, lakini peke yake hautoshi. Mvua ya siku moja hujaza mto, wala haifanyi mto huo kuwa wa kudumu.

Vipimo vinavyobaki, ukivichuja vyema, ni vitatu: mkono, neno, na umri. Kila kimoja chaweza kuonyeshwa kwa mfano wa mtu aliyejulikana katika nchi zetu.

MKONO

Mkono maana yake ni ustadi wa kazi yenyewe. Hapa hapana mfano mzuri kuliko Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Alizaliwa mwaka 1930, na alikuwa akiishi Jadotville, mji uitwao leo Likasi, wakati Hugh Tracey alipofika huko mwaka 1952 akikusanya muziki wa Afrika kwa mashine yake ya kunasa sauti. Mojawapo ya nyimbo alizozinasa ni "Masanga". Mpaka leo mtu aisikiaye kwa mara ya kwanza hudhani kwamba wanapiga watu wawili. Kumbe ni mtu mmoja mwenye gitaa moja, na mkono wake wa kuume ukitumia kidole gumba na kidole cha shahada tu. Gumba hutembea chini kwa mwendo wake, kama mtu anayekwenda shambani bila haraka. Cha shahada hucheza juu yake kama mtoto anayemzunguka babaye njiani. Kila kimoja kina wimbo wake, wala havigongani.

Ustadi huo haukubaki Katanga. Mwenda alifika Nairobi, na vijana wengi wa Kenya walikaa na sahani zake za santuri, wakirudisha sindano mahali pale pale mara kwa mara ili kukamata vidole vyake. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport huko Marekani. Mwaka 1979 Mwingereza mmoja, John Low, alisafiri hadi Lubumbashi ili akae karibu naye na kujifunza. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya mpigaji mkubwa: watu waliokwisha kujua kupiga huacha kazi zao wakaja kwake kuanza upya. Mwenda alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia, lakini "Masanga" ingali mtihani wa kila mpiga gitaa wa vidole.

Tena mkono si kuiga wengine tu. Kule Uluyia, George Mukabi alilichukua gitaa, chombo kilichotoka ng'ambo, akalipiga kwa mwendo uliowafaa watu wa kwao, huku mwenziwe akikwaruza chupa ya Fanta yenye mifuo ili kushika mapigo. Namna hiyo ya kupiga huitwa omutibo. Hakungoja kupata bendi ya tarumbeta wala ngoma za gharama. Chupa iliyokwisha kunywewa soda ilimtosha. Mukabi aliuawa mwaka 1963 akiwa bado kijana, na omutibo haukufa pamoja naye.

NENO

Ustadi wa mkono bila neno ni kama shoka zuri lisilokata kuni. Kwa kipimo cha neno, mzee wa mkahawani ana haki ya kumtaja Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, katika jamaa ya watumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Hakupata nafasi ya kusoma. Kazi yake ilikuwa ufinyanzi, na vyungu vyake alivipeleka mjini kuviuza, akivinadi njiani kwa sauti ambayo watu walianza kuitambua kabla hawajamwona mwenyewe. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba pamoja na wapiga udi na fidla. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alipewa baadaye kwa sababu ya uimbaji wake. Watu wachache sana duniani wamepata kubadilishiwa jina namna hiyo, kutoka Mtumwa hadi Siti, na sababu ikawa ni koo lao.

Ili kuelewa alichokifanya, ni lazima kukumbuka taarabu ilivyokuwa. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliuleta muziki huo katika jumba lake kutoka Misri. Ulikuwa ni muziki wa wakubwa, uliimbwa kwa Kiarabu, na wengi waliousikia kutoka nje ya ukuta hawakufahamu maneno yake. Siti aliuimba kwa Kiswahili. Jambo hilo laonekana dogo leo, lakini ni sawa na kufungua mlango wa ghala. Mchukuzi wa bandarini, mama muuza samaki na karani wa forodha wote waliweza kusikiliza na kufahamu.

Wala hakuishia katika nyimbo za mapenzi. Siti na wenzake waliimba habari za mji: dhuluma ya wenye mali, hukumu zilizowaelemea wanyonge, wanawake walioteswa na waume. Mmoja wa nyimbo hizo, uitwao "Kijiti", unasimulia habari za mtu aliyemwua mwanamke mgeni kisha akatoroka kwenda bara, huku wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi wakageuzwa kuwa wenye makosa. Mahakama ilikwisha kufunga daftari lake. Wimbo haukulifunga la kwake. Watu wasiojua kusoma walipata habari na maoni juu yake kwa njia ya sauti ya mwanamke ambaye yeye mwenyewe hakwenda shule.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay, wakanaswa sauti katika sahani za santuri za kampuni ya His Master's Voice. Sahani hizo zilienea pwani na bara, na katika nyumba nyingi Kiswahili kilisikika kwa mara ya kwanza kikitoka katika sanduku la gramafoni. Alifariki mwaka 1950. Miaka minane baadaye kilitoka kitabu cha wasifu wake, kilichoandikwa na Shaaban Robert. Mshairi mkubwa kuliko wote wa zama zake aliona kwamba maisha ya mfinyanzi huyo yalistahili wino wake.

UMRI

Kipimo cha tatu ni umri, wala si umri wa mwimbaji, bali wa wimbo. Wimbo mkubwa ni ule unaoweza kutoka kinywani mwa mtu mmoja, ukaingia cha mwingine, kisha cha wa tatu, bila kuchakaa.

Kwa kipimo hiki aliyemtaja Fadhili William hakukosea. Mnamo mwaka 1960 Fadhili, kijana wa Taita, pamoja na kikundi chake cha Jambo Boys, walinasa "Malaika" jijini Nairobi. Tangu hapo wimbo huo haukutulia. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba, na mwaka 1965 ulitolewa katika santuri aliyoitoa pamoja na Harry Belafonte. Mwaka 1981 kikundi cha Boney M kiliutoa huko Ulaya. Umeimbwa na watu wasiojua neno jingine lolote la Kiswahili. Maharusi wameingia nao ukumbini, na mama zao walikuwa wameingia nao kabla yao.

Lakini hapa pana jambo la kuhuzunisha, nalo lafaa kutazamwa kwa uangalifu. Wimbo umekwenda mbali kuliko jina la aliyeutunga. Fadhili William alisema mpaka mwisho wa maisha yake kwamba ni wake. Wengine husema kwamba ulitungwa na Adam Salim wa Tanganyika katika miaka ya 1940, na wako pia wanaotaja watu wengine. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi ukabaki. Wimbo unaojulikana na mamilioni hauna hati ambayo watu wote wanaikubali. Mkulima mwenye shamba lisilo na mpaka anaelewa vyema hasara ya jambo hilo. Mavuno yakiwa machache hakuna anayeuliza mpaka. Yakiwa mengi, kila jirani huja na kigingi chake.

WAJIBU WA MSIKILIZAJI

Tukio hilo laonyesha kwamba ukubwa wa mpiga muziki haumalizwi na mpigaji peke yake. Mkono ni wake. Neno ni lake. Lakini umri ni kazi ya wasikilizaji, maana wao ndio wanaouchukua wimbo na kuupeleka mbele, nao ndio wanaoweza kulichukua jina la mtungaji pamoja nao au kuliangusha njiani.

Methali yasema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Katika taarabu desturi hiyo ingaliko. Msikilizaji aliyeguswa huinuka kitini, akaenda mbele ya watu wote, akampa mwimbaji fedha mkononi. Hamtumi mtoto, wala hangoji kesho. Ni desturi yenye hekima kubwa, kwa kuwa inafanya mambo mawili kwa mara moja: inamlipa aliyefanya kazi, na inawaonyesha waliohudhuria ni nani aliyeifanya. Wimbo ukinaswa na kutumwa mbali, msikilizaji hana tena mkono wa kuufikia. Hapo ndipo kunapotakiwa karatasi: jina la mtungaji, tarehe, na mapatano yaliyosomwa kabla ya kutiwa sahihi. Kijana mwenye gitaa ambaye huona haya kuuliza juu ya karatasi hiyo, akidhani kwamba ni jambo la makarani, na akumbuke "Malaika".

Basi Jumamosi ijayo, mabishano yatakapoanza tena, wenye kubishana wanaweza kuulizana maswali matatu. Je, wapigaji wengine hukaa chini ya huyu kujifunza? Je, aliwaambia watu wake neno lililokuwa kweli, hata pale kweli hiyo ilipokuwa na gharama? Je, wimbo wake bado unaimbwa na watu ambao hawakupata kumwona? Atakayejibiwa ndiyo mara tatu ni mkubwa, awe anatoka Katanga, Unguja au Taita, na awe amependwa na mwenye kuuliza au hakupendwa.

Kisha liulizwe la nne, nalo ni la wasikilizaji wenyewe: je, walioko mezani wanalijua jina la aliyeutunga wimbo waupendao? Asiyelijua na alitafute kabla ya chai kupoa.